Wana Saba wa Valerian

Kila Jumamosi asubuhi, akishamkamua ng'ombe na kupeleka maziwa kituoni, Mektrida alichukua fagio la njiti akaenda kuufagia mnara. Ulisimama juu kidogo ya nyumba yake, pale mfongo, ule mfereji wa maji uliochimbwa na mababu, unapoingia kwenye migomba. Ulikuwa nguzo ya saruji yenye kimo cha watu wawili, nyota nyekundu kileleni, na ubavuni majina saba yaliyochongwa kwa maandishi ya Kichina na kurudiwa kwa herufi zetu. Mektrida alifagia majani makavu, akakwangua kinyesi cha kunguru, akafuta jina moja moja kwa kitambaa kibichi. Hakuna aliyemtuma. Mnara ulikuwa uani kwake, na mwanamke wa Kibosho haachi uwanja wake uchafuke eti kwa sababu uchafu umeangukia wafu.

Wale saba walikuwa wanajeshi wahandisi kutoka China. Walikuja kujenga daraja kwenye korongo la jirani, na masika ya mwaka 1971 maji ya mlima yalishuka mchana kweupe yakabeba jukwaa la mbao pamoja nao. Hakuonekana hata mmoja. Baba mkwe wa Mektrida alitoa kona ya kihamba chake, shamba la urithi la ukoo, mnara ujengwe hapo, kwa kuwa jioni ileile alikuwa amewaalika kunywa mbege, pombe ya ndizi, na mzee yule hakupenda mwaliko wake upotee hivihivi. Kwa miaka kadhaa wageni wenye suti za kijivu walikuja kila Aprili, wakaweka maua, wakapiga picha. Kisha nyakati zikageuka. Maduka ya Moshi yalijaa redio na mitumba, bei ya kahawa ikaporomoka, watu wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya, na wageni wa Aprili wakapungua mpaka hakuja mtu. Mektrida akaendelea kufagia.

Wanajeshi walianza kushuka mwaka 1991, mwezi mmoja baada ya maziko ya Valerian, mume wake. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Alikuwa anahangaika na mgomba uliolemewa na mkungu, anataka kuuegemeza kwa nguzo, na nguzo inamzidi nguvu. Mtu akaishika kwa upande wa pili. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi, amevaa sare ya kijani iliyolowa mpaka kifuani, na maji yalikuwa yanamchuruzika viatuni bila kwisha.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Shika chini zaidi, utauvunja."

Huyo alikuwa Zhao, jina la mwisho kwenye mnara. Kesho yake alishuka pamoja na Sajini Liu, jina la kwanza, na ilipofika Jumapili walikuwa wametimia saba. Mektrida aliwapa chai. Siku mbili aliwaacha wakae kama wageni. Siku ya tatu alikumbuka kwamba mgeni hupewa jembe, akavuka mfongo kwenda kuazima majembe kwa jirani yake Ruth. Ruth aliuliza jambo moja tu, kama Wachina wanajua kupalilia kahawa bila kukata mizizi.

Walijua. Walijua pia kukata majani ya ng'ombe kule tambarare na kuyapandisha kilomita sita bila kupumzika, jambo ambalo hakuna mwanamume mzima wa kijiji kile aliyewahi kulifanya, kwa kuwa majani ni kazi ya wanawake. Kiswahili chao kilikuwa cha darajani: vuta, achia, kamba, polepole, chai. Kiliwatosha. Mektrida aliwafundisha kuacha viatu nje ya mlango, maana sakafu ilikuwa inaloa, na kila jioni viatu kumi na vinne vilipangwa ukutani, kila kimoja na kidimbwi chake.

Kuhusu kula, walikula bila kumaliza. Sahani ya mtori, supu nzito ya ndizi, ingewekwa mbele ya Zhao, naye angeinama juu yake kwa adabu muda wa mtu kula, kisha angesema asante na mtori ungekuwapo wote. Ila ulikuwa umetoka chumvi. Kilichoguswa na wale vijana kilibaki na ukubwa wake na moto wake, lakini chumvi ndani yake ulikuwa huipati hata ukitafuta kwa ncha ya ulimi. Mektrida hakuona ubaya. Aliongeza chumvi akala, na kila alipokwenda sokoni alinunua pakiti mbili badala ya moja. Katekista alipopita kuuliza kama vijana hao wamebatizwa, alimjibu kwamba majini walishakaa vya kutosha.

Ukweli ni kwamba aliwapenda. Mabinti zake wawili walikuwa mbali, Violet ni muuguzi Moshi mjini, Evelyn anafundisha shule ya msingi Bomang'ombe, na nyumba ya mjane jioni ni kubwa kuliko asubuhi. Miaka minne ilipita hivyo, na kihamba cha Valerian kikawa kinatazamwa na wapita njia. Mibuni ilizaa, mfongo haukuziba, migomba ilisimama wima.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1995 akaja Aristides.

Aristides alikuwa mdogo wake Valerian, mfanyabiashara wa Arusha, mtu mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kupanga mambo ya watu. Alishuka kwenye gari lake na ramani iliyokunjwa, akapokea chai, akaisifu, kisha akaeleza. Amepata mwekezaji anayetaka mahali pa kujenga hoteli ya watalii wanaopanda mlima. Kihamba hiki kina maji na kinaonyesha kilele cha Kibo vizuri. Na kwa kuwa marehemu kaka hakuacha mtoto wa kiume, kihamba kwa mila kinarudi kwake yeye.

"Nimekupangia chumba Majengo, kule mjini, shemeji," akasema. "Kina umeme. Miezi mitatu nimeshalipa."

"Na Valerian?" Mektrida aliuliza. Valerian alikuwa amelala nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

"Tutamzungushia uzio mzuri tu."

"Na mnara?"

"Pale ndipo patakuwa pa kuegesha magari. Huo unavunjwa Januari."

Mektrida alikusanya vikombe. Miaka ishirini na minane alikuwa amebeba samadi ya kihamba hicho kichwani. Mibuni ya upande wa juu aliipanda yeye, akiwa na mimba ya Violet, na alikuwa anaijua mmoja mmoja kama mtu anavyojua watoto wa jirani. Iliuma, iliuma sana, lakini hakumpa Aristides nafasi ya kuona. Ukoo ungekaa tarehe ishirini na saba Desemba, baada ya kuchinja, kama kila mwaka, na ukoo ukishasema umesema.

Jioni aliwasimulia wanajeshi, wakiwa wamekaa kwenye magunia. Sajini Liu alisikiliza mpaka mwisho.

"Lini?" akauliza.

"Ishirini na saba."

Liu akaitikia kwa kichwa. Kesho yake wote saba waliamkia mfongo, wakauzibua kuanzia kwa Ruth hadi kwenye chanzo chake msituni. Mektrida alikasirika. Aliwaambia kwamba yeye analia nyumba inaungua na wao wanazibua mfereji. Zhao akasema polepole, mama, na akaendelea kuchota tope.

Desemba ukoo ulipanda mlima kurudi nyumbani, kama kawaida yake. Walitoka Dar, Arusha, Tanga, wakaziba njia kwa magari, wakavaa nguo mpya na kulalamikia baridi waliyozaliwa nayo. Ilikuwa zamu ya Mzee Aminieli kuandaa machinjo, lakini Aristides aliomba yafanyike kwenye kihamba cha marehemu kaka yake. Alileta ng'ombe dume kwa gharama yake. Tarehe ishirini na saba alisimama mlangoni tangu saa mbili asubuhi, amevaa kofia na koti jipya, akimshika mkono kila aliyeingia.

"Karibuni kwangu," alisema. "Jisikieni nyumbani, hapa ni kwangu."

Alisema hivyo mara nyingi, kwa sauti, ili ikifika zamu ya mazungumzo jambo liwe limeshazoeleka masikioni. Hesabu yake haikuwa mbaya. Mwakilishi wa mwekezaji alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mparachichi, ramani magotini.

Wanajeshi walifanya kazi tangu alfajiri. Walichota maji, wakakata majani ya migomba ya kutandika, wakamkamata yule dume. Sajini Liu alishika kamba akasema vuta, akasema achia, na dume akalala bila fujo. Watu wa Dar walimwambia Mektrida kwamba amepata vijana wazuri. Alikubali.

Mkata nyama wa ukoo alikuwa Mzee Ndelilio, mtu wa miaka themanini na ushee, mkono wake bado thabiti. Kazi yake ina sheria zake. Mkata nyama hatazami nyuso. Huinamia nyama, huhesabu magoti yaliyokaa kwenye duara, na kila mwanamume aliyekaa hupata kipande chake cha kidari, kimechomwa na kutiwa chumvi na mkata nyama mwenyewe. Hamwulizi mtu ni wa nani, kwani kumwuliza mtu aliyekwisha kukaa kwenye nyama ni kumtukana aliyemkalisha. Mwenye kihamba ndiye anayekalisha watu. Na aliyekalishwa na mwenye kihamba, akala kidari cha ukoo, amekuwa mtu wa nyumba ile. Zamani za vita na njaa ndivyo yatima na wageni walivyoingizwa ukooni, bila kuandikiana.

Duara likakaa. Wanaume thelathini na wanne, kila mmoja na jani lake mbele. Wanajeshi saba walisimama nyuma wakisubiri kutumwa, na kwa kuwa walikuwa wamelowa kama siku zote, maji yalidondoka kwenye migongo ya waliokaa. Tone moja liliingia shingoni mwa Aristides, ndani ya koti jipya. Akavumilia. Likaingia la pili.

"Kaeni bwana," akawageukia. "Mnatusimamia vichwani kama polisi, na maji yenu yote. Kaeni hapo na wenzenu. Wapisheni wakae."

Watu wakasogea. Wanajeshi walikaa kwa mfuatano wa vyeo vyao, Sajini Liu kwanza, Zhao mwisho. Mzee Ndelilio, macho kwenye nyama, alihesabu magoti, akaongeza kuni, akakata vipande arobaini na moja.

Nyama ililiwa. Mbege ikazunguka katika kata. Zhao alishika kata kwa mikono miwili kama alivyofundishwa na Mektrida, na jirani yake, mhasibu wa Tanga, akampigapiga begani na kukausha mkono wake kwenye suruali.

Ndipo Aristides aliposimama na kuvua kofia. Alizungumza vizuri, hilo lazima tumpe. Alimtaja kaka yake kwa majonzi, akataja mila, akataja maendeleo. Alisema ni uchungu kwamba nyumba ya Valerian haina mwanamume, na kwamba yeye, kama mdogo mtu, yuko tayari kuubeba mzigo huo. Shemeji yake hataachwa bila pa kulala. Wazee walianza kuguna kukubali.

Mwanamke hazungumzi kwenye duara. Lakini hakuna mila inayomkataza mwanamke kuzungumza na sufuria yake, na jiko la Mektrida lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale, mlango wazi.

"Wewe sufuria," alisema Mektrida, akikoroga, kwa sauti ya kufika barabarani, "una akili kuliko mimi, hebu nieleze. Shemeji yangu anasema nyumba ya Valerian haina mwanamume. Mbona leo amekalisha saba kwa mdomo wake mwenyewe? Kama yeye ndiye mwenye kihamba, ukoo mzima umesikia akiwakalisha, basi ni watu wa nyumba hii. Na kama si mwenye kihamba, sufuria yangu, anauza nini kwa yule bwana wa ramani?"

Akafunika sufuria. Kata ya mbege ikasimama mkononi mwa mhasibu wa Tanga.

Mzee Ndelilio aliinua uso kwa mara ya kwanza siku ile. Aliwatazama wale saba, mmoja baada ya mwingine, akafika kwa Zhao.

"Hawa ni wale wa mnara?"

"Ndio hao, Meku," watu wakamjibu kwa jina la heshima la mzee.

"Aristides. Nani amewakalisha?"

Aristides alijaribu kucheka. Alisema lilikuwa jambo la maji tu, koti lilikuwa linaloa. Alisema, na zaidi ya hayo, hawa wamekufa, na maiti hali, na kama hakula basi hakuna kilichofanyika. Alionyesha kidole. Mbele ya kila mwanajeshi kipande cha kidari kilikuwa juu ya jani, kizima, hakijaguswa na jino.

Hoja ilikuwa na uzito na wazee waliiona hivyo. Mzee Ndelilio akaomba jani la Zhao. Zhao alimletea kwa mikono miwili, akachuchumaa mbele yake. Mzee alikata kipande kidogo, akaweka mdomoni, akatafuna muda mrefu, meno yake hayakuwa mengi. Jikoni Mektrida alikuwa ameshika mwiko bila kukoroga. Mzee akakata kipande kingine kutoka kwenye jani la Sajini Liu, akakitafuna pia.

"Nyama hii nimeitia chumvi kwa mkono wangu," akasema. "Chumvi haimo. Imeliwa."

Akaeleza kifupi, kwa sababu alikuwa amechoka. Babu yake Aristides alitoka Sanya Juu akiwa yatima mchunga mbuzi, akakalishwa kwenye nyama na mtu asiyemjua hata jina, na leo wajukuu zake wanavaa makoti. Hakuna aliyemwuliza. Hawa saba wamekalishwa kwenye kihamba cha Valerian na wamekula. Ni wana wa Valerian. Nyumba yenye wana hairithiwi na mdogo mtu, na kitindamimba, yule Zhao, ndiye mwenye nyumba ya mama. Alitaka isale, jani la mmea wa mpakani ambalo kwa mila hufunga jambo. Mtu alikimbia mpakani akaleta majani saba mabichi, na Mzee Ndelilio akampa kila mwanajeshi jani lake, na jambo likawa limekwisha.

Kelele iliyofuata ilisikika hadi barabara ya lami. Wanawake walitoka jikoni na miiko yao wakipiga vigelegele, ng'ambo ya mfongo Ruth akapiga beseni, na vijana wa Dar wakaanza kuimba wimbo wa mavuno ambao walikuwa wanajua ubeti mmoja tu, wakaurudia mara kumi. Mektrida alibebwa. Wanajeshi saba walimpandisha mabegani wakamzungusha kihamba kizima, mibuni ya juu, migomba ya chini, kaburi la Valerian, mnara, yeye akiwa amelowa chapachapa na anacheka mpaka kitenge kinamdondoka. Aliweka mkono kwenye ile nyota nyekundu akiwa huko juu. Mwakilishi wa mwekezaji alikunja ramani yake, akapewa mbege ya njiani, akashuka zake. Sajini Liu alisogea kumpa Aristides nafasi, naye akakaa, akanywa na watoto wa kaka yake, na jioni alikuwa anawasimulia bei za matairi.

Mektrida alishinda siku ile, na sina sababu ya kumpunguzia. Kihamba kilibaki. Mnara haukuguswa. Alilala kitandani kwake, si Majengo.

Kabla watu hawajaondoka, katibu wa ukoo, Isack, alifungua daftari ili wana wa Valerian waandikwe. Daftari lile halikuwa na safu ya kuonyesha nani yu hai na nani amekufa, kwa hiyo hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa majina yenyewe. Isack alijaribu la kwanza, akakata, akajaribu tena, akakata.

"Muite yule muuguzi," akasema. "Ana mwandiko."

Violet aliitwa kutoka jikoni. Alifuta mikono, akapanda hadi kwenye mnara na kalamu, akayanakili majina yote saba kwa uangalifu, akarudi akayaandika daftarini chini ya jina la baba yake, moja chini ya jingine, mwandiko mzuri wa kike usio na doa. Isack alivaa miwani akasoma, akaridhika. Violet hakumrudishia kalamu.

"Baba mdogo, na mimi na Evelyn? Tuandikwe hapahapa chini?"

Isack alitazama ukurasa. Nafasi ilikuwepo, mistari kumi na zaidi.

"Ninyi hamuandikwi," akasema kwa upole. Alikuwa mtu mpole. "Ninyi ni wa kuolewa. Mama yenu atakaa na kaka zenu, wana moyo mzuri."

Mektrida alikuwa amesimama mlangoni, nguo bado mbichi, Zhao pembeni yake. Alimtazama binti yake, na binti yake akamtazama. Kila mmoja alijua mwenzake anafikiri nini, kwa kuwa ni jambo ambalo walikuwa wamelifikiri siku zote.

Violet akapuliza wino ukauke. Akafunga daftari, akampa Isack pamoja na kalamu yake, akarudi jikoni kuosha vyombo vya wanaume arobaini na mmoja.